UZI: Vita humwazima mwanamke kiti, amani ikirudi anaambiwa ainuke

#1 – Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitamlaumu.

Nianze na mzinga. Uingereza, Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndege za Wajerumani zinakuja usiku kumwaga mabomu mijini. Kwenye vikosi vya kutungulia ndege walikuwepo mabinti wa jeshi saidizi la wanawake. Hao ndio waliokuwa wanaisaka ndege angani, wanapima iko mbali kiasi gani na juu kiasi gani, wanapiga hesabu ya mahali itakapokuwa sekunde kadhaa mbele ili kombora likutane nayo huko. Hesabu ikikamilika, binti kazi yake imeishia hapo. Anafyatua mwanaume. Kanuni zilikataza mwanamke kufyatua. Kupima apime, kulenga alenge, kufa afe maana bomu likidondoka pale halimuulizi mtu jinsia, ila mkono wa kufyatua uwe wa mwanaume. Na mshahara wa binti ulikuwa theluthi mbili ya wa mwanaume mwenye cheo kile kile.

Picha hiyo ndiyo imenifanya nikae niandike. Humu tukiongelea wanawake na vita huwa tunagawanyika. Kuna wanaosema mwanamke vitani ni mhanga, analia na kukimbia na watoto mgongoni. Halafu wanakuja wa upande wa pili na orodha yao: Nzinga wa Angola, Yaa Asantewaa wa Ghana, Mekatilili wa Menza wa Kenya, mnaona, wanawake wanaweza! Sina ugomvi na upande wowote. Swali linalonisumbua ni lingine kabisa. Jamii iliyomwambia mwanamke jana kwamba kazi hii si yako, vita vikianza inampa kazi hiyo hiyo, anaifanya miaka minne, vikiisha inamnyang'anya kana kwamba hajawahi kuigusa. Inawezekanaje? Watu ni wale wale, macho yao ni yale yale.

Jibu langu ni kwamba hakupewa. Aliazimwa. Na nguo ya kuazima mnaijua, haisitiri matako, mwenyewe anaweza kuidai hata katikati ya ngoma.

Chukueni Urusi ya Kisovieti. Wanawake kama 800,000 walitumika katika jeshi lao kwenye vita vile. Waliendesha vifaru, walidungua, na Lyudmila Pavlichenko peke yake alihesabiwa maadui 309. Ila wanaonigusa mimi ni wale wa kikosi cha 588 cha mabomu ya usiku, wanawake watupu kuanzia marubani hadi mafundi. Walipewa ndege za Po-2, ndege za kufundishia wanafunzi na kunyunyizia dawa mashambani, mbao na turubai. Risasi ikipita mahali pabaya inawaka kama kibiriti. Kwa sehemu kubwa ya vita hawakuwa na miavuli ya kurukia. Sare walizopewa zilikuwa za wanaume, mabuti makubwa mpaka wanayajaza vitambaa ili yasivuke mguuni.

Wakikaribia shabaha, rubani alikuwa anapunguza injini mpaka inanong'ona, ndege inashuka ikielea kama mwewe. Mjerumani chini anachosikia ni upepo tu unaopiga miluzi kwenye nyaya za mabawa, halafu bomu. Wakawaita wachawi wa usiku. Kwa Kiswahili tungesema wanga tu, yameisha. Ndege moja hubeba mabomu machache, kwa hiyo wanatua, wanapakia, wanaruka tena, usiku kucha. Kikosi kizima kiliruka zaidi ya mara 23,000, na 23 kati yao walipewa nishani ya juu kabisa ya nchi.

Vita vinaisha Mei 1945. Oktoba kikosi kimevunjwa. Na katika kuwaaga wanawake waliokuwa wanarudi uraiani mwaka huo, Mikhail Kalinin, mmoja wa wakubwa wa dola, aliwaasa wasijivune wala wasizungumzie huduma waliyoitoa, wawaachie wengine wawasemee.

Someni tena hapo. Wawaachie wengine wawasemee. Mwanaume akirudi vitani anapewa jukwaa la kusimulia mpaka azeeke. Mwanamke anashauriwa anyamaze kwa adabu.

Marekani nako, marubani wanawake waliohitimu mpango wa WASP walikuwa 1,074. Walihamisha ndege za kivita kutoka kiwandani kwenda vituoni, walivuta shabaha angani ili askari wafanyie mazoezi kwa risasi za kweli. 38 walikufa kazini. Kwenye karatasi walikuwa raia, kwa hiyo marehemu anasafirishwa kwa michango ya wenzake na jeneza haliwekewi bendera ya kijeshi. Walitambuliwa kama wanajeshi wa zamani mwaka 1977. Miaka zaidi ya thelathini!

Lakini mfano mzito kuliko yote kwangu ni Algeria, kwa sababu kule vita vyenyewe vilikuwa vya ukombozi, si vya kulinda dola. Mwanamke aliyevaa haiki, lile shuka jeupe linalofunika mwili mzima, alipita na bastola ndani yake na askari wa Kifaransa akaona haya kumpekua. Wafaransa walipoanza kushtuka, wanawake wakageuza mchezo. Tarehe 30 Septemba 1956 Zohra Drif, Djamila Bouhired na Samia Lakhdari walivaa kizungu, nywele wazi, wakapita vizuizi vya jeshi mjini Algiers wakiwa na mabomu mikobani. Sisemi mabomu yale yalikuwa halali, mawili yalilipuka kwenye sehemu za starehe zilizojaa raia na huo ni mjadala wa uzi mwingine. Nasema hivi: chama cha ukombozi kilichoongozwa na wanaume kiliwaona wanafaa kubeba roho zao mkononi. Bouhired alikamatwa mwaka uliofuata, akateswa, akahukumiwa kifo. Adhabu haikutekelezwa.

Uhuru ukaja 1962. Mwaka 1984 bunge la Algeria huru likapitisha Sheria ya Familia. Humo mwanamke mtu mzima hakuweza kufunga ndoa bila walii, yaani msimamizi wa kiume, na mke alitakiwa amtii mumewe. Waliokuwa wapiganaji waliona inakuja, waliingia mitaani kuipinga tangu mapema miaka ya 80. Fikirieni bibi aliyewahi kukwepa vizuizi vya jeshi la Ufaransa na bomu mkobani anaambiwa, mama, saini yako haitoshi, mlete kaka yako.

Mfumo dume hauvunjwi na vita. Hukunjwa kama mkeka mvua ikinyesha, mvua ikikatika unatandikwa pale pale.

Jambo la mwisho, na hapa ndipo naona kiini. Nani anaitwa mpiganaji? Katika vita vya Mau Mau nchini Kenya, wapo wanawake walioingia msituni na bunduki. Muthoni wa Kirima alipanda mpaka cheo cha Field Marshal, akatoka msituni uhuru ulipofika, na nywele alizofuga tangu huko hakuzikata hadi 2022, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Huyo tunamjua. Lakini msitu ule ulikula nini? Nani alipeleka risasi, dawa, habari za doria? Waingereza walijua. Kuanzia 1954 waliwasomba zaidi ya watu milioni moja na kuwafungia kwenye vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa ncha. Wengi waliokuwa ndani ni wanawake na watoto, maana wanaume walikuwa vizuizini au msituni. Na mahandaki hayo wakachimbishwa wanawake wenyewe. Dola haitumii nguvu kiasi hicho kuwafungia watu wasiohusika na vita. Adui alimhesabu mwanamke kama askari, upande wake mwenyewe ukamhesabu kama msaidizi.

Mwenye mfano wa mahali ambapo amani ilirudi na kiti hakikudaiwa, alete. Nautafuta kwa nia njema. Nawasilisha.

#2

Mkuu umeandika kitabu. Nimesoma chote nikiwa kwenye foleni, nikaruka zamu yangu. Nafuatilia.

#3

Mleta mada, umeandika vizuri ila unalazimisha. Jamii nyingi hazikumweka mwanamke kando ya vita kwa kumdharau. Zilimlinda. Mwanaume akifa, ukoo unaendelea. Wanawake wakifa wote, ukoo umekwisha. Ni hesabu ya kawaida, haina chuki. Hata hao Waingereza waliokataza wasifyatue, huenda walikuwa wanamwepusha mwanamke na dhambi ya kuua. Kila kitu siku hizi mfumo dume, mfumo dume. Mfumo dume ndio uliowapeleka wanaume wakafe mamilioni kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, mbona hilo huliongelei?

#4 – Mleta uzi

Mkuu #3, hoja yako ya mwisho naikubali kabisa. Mfumo huo huo unamla mwanaume pia, unamwambia thamani yako ni kufa vizuri. Haipingani na nilichosema.

Ila hilo la ulinzi tulitazame. Mtu analindwa kwa namna mbili, kama mtoto anavyolindwa au kama mali inavyolindwa. Ukitaka kujua ni ipi, angalia mwenye kulinda anafanya nini ulinzi ukimshinda.

Ufaransa ilipokombolewa mwaka 1944 na 1945, wanawake wapatao 20,000 walinyolewa vichwa hadharani kwa tuhuma za kushirikiana na Wajerumani, wengi kwa kulala nao. Wanakalishwa kwenye kiti katikati ya uwanja, watu wanashangilia, wengine wanapitishwa mitaani juu ya malori wamechorwa alama ya Kinazi usoni. Miongoni mwao wapo waliolala na askari kwa mapenzi, wapo waliotafuta chakula cha watoto, wapo waliosingiziwa na jirani. Sasa wapo pia wanaume waliowajengea Wajerumani ngome na kuwauzia saruji kwa faida. Ndiyo, baadhi walishtakiwa. Lakini sijasikia uwanja uliojaa watu wa kumnyoa mkandarasi. Mwili wa mwanamke ulihesabiwa kuwa ardhi ya taifa, na yeye kama vile kaigawa bila idhini ya wenyewe.

Ndiyo maana ubakaji vitani ni silaha. Anayebaka anampelekea ujumbe mwanaume wa upande wa pili: mali yako hukuiweza. Na ujumbe unafika, kwa sababu wote wawili wanasoma kitabu kimoja.

Mahakama zenyewe zilichelewa kuona. Arusha, mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, kesi ya Jean-Paul Akayesu aliyekuwa bwana meya wa Taba. Hati ya mashtaka ya kwanza haikuwa na ubakaji hata mstari mmoja. Kesi imeanza Januari 1997, shahidi mwanamke yuko kizimbani anaulizwa mambo mengine, ndipo anasema wanaume watatu walimbaka binti yake wa miaka sita. Kwenye jopo la majaji kulikuwa na mwanamke mmoja, Navanethem Pillay, na maswali ya majaji yakafungua mlango uliokuwa umefungwa. Akaja shahidi mwingine na yake. Juni hati ikarekebishwa. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu akatiwa hatiani, na ikawa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kusema ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari.

Mambo hayo yalitendeka mchana, hadharani, karibu na ofisi yake. Wapelelezi walikuwa wameshafika na kuandika. Hawakuuliza.

#5

Nimesoma kimya, sasa nichangie kama mwanamke. Mleta uzi nakuunga mkono ila umetupamba mno. Kwenye simulizi yako sisi ama tunarusha ndege ama tunaonewa. Kuna kundi la tatu umelificha chini ya mkeka huo huo.

Pauline Nyiramasuhuko. Alikuwa waziri wa familia na maendeleo ya wanawake wa Rwanda mwaka 1994. Wizara ya wanawake! Mahakama hiyo hiyo ya Arusha ilimtia hatiani mwaka 2011 kwa mauaji ya kimbari na kwa ubakaji uliofanywa na watu waliokuwa chini yake kule Butare. Ni mwanamke wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari. Na kesi ilipokuwa inaendelea kulikuwa na watu nje wanasema haiwezekani, mama hawezi kufanya vile. Mnaona hapo? Mfumo dume ulitaka kumtetea kwa hoja kwamba mwanamke hana akili ya kuwa mwovu kiasi kile.

Mwingine: Uingereza, Agosti 1914, afisa mstaafu wa jeshi la majini alianzisha mtindo wa wanawake kumbandika unyoya mweupe kijana yeyote asiyevaa sare, alama ya woga. Wanawake waliifanya kazi hiyo kwa moyo mmoja. Wapo askari waliokuwa likizo, na hata waliojeruhiwa, waliobandikwa unyoya kwa sababu tu siku hiyo walivaa nguo za kiraia. Hakuna aliyewashika mikono. Waliamini mwanaume ni yule anayekwenda kufa.

Tunaimba, tunapiga vigelegele, tunamsuta mwoga, tunakataa kuolewa na aliyekimbia. Hiyo nayo ni kazi ya mwanamke vitani, tena kongwe. Mfumo dume haukai vichwani mwa wanaume peke yao, mama ndiye mwalimu wa kwanza wa somo hilo. Naomba nayo ihesabiwe.

#6 – Mleta uzi

#5, dada, umenishika pabaya. Nakiri nililiacha kwa sababu liliharibu mtiririko wangu. Hilo la watu kumtetea kwa kisingizio cha umama nitalibeba.

#7

Kuhusu nani anahesabiwa mpiganaji, niongezee Sierra Leone maana ni mfano wa wazi kuliko wote.

Vita vilianza 1991 vikaisha 2002. Mpango wa kusalimisha silaha ukawekwa: unakuja kambini na bunduki, unapewa kitu kidogo cha kuanzia na mafunzo ya ufundi. Katika hatua nyingi ulitakiwa uwe na silaha mkononi, na mara nyingine uifungue na kuiunganisha tena mbele ya wasimamizi kuthibitisha unaijua. Inaonekana haki kabisa, sivyo? Sasa fikiria msichana aliyetekwa na waasi akiwa na miaka kumi na mbili. Miaka sita amebeba mizigo ya kikosi, amepika, amefanywa mke wa kamanda, amezaa porini, siku nyingine amepewa bunduki na kupigana, jioni bunduki ikarudi kwa mwenyewe. Siku ya kusalimisha, kamanda anagawa silaha kwa vijana wake. Msichana anafika mlangoni na mtoto mgongoni, mikono mitupu. Bunduki iko wapi? Hana. Basi rudi nyumbani.

Waliosajiliwa walizidi 72,000. Wanawake hawakufika 5,000. Na kila aliyefuatilia vita vile anajua makambi ya waasi yalikuwa yamejaa wasichana.

Sheria ilikuja kuamka baadaye. Mwaka 2008 mahakama maalumu ya Sierra Leone ikatamka kwamba kumlazimisha mtu ndoa ni uhalifu dhidi ya ubinadamu, unaojitegemea. Neno "mke" lilikuwa limewafunika wale wasichana miaka yote. Ukisema mtumwa, watu watauliza. Ukisema mke, hakuna anayeuliza.

#8

Hilo la #7 limenikumbusha Dahomey, ufalme wa zamani katika Benin ya leo. Wale askari wanawake wanaoimbwa siku hizi, kwa cheo walikuwa wake za mfalme, hata wale ambao hakuwahi kuwagusa. Yaani hata mwanamke akishika bunduki na kumkimbiza adui, jamii bado ilimhesabu mke wa fulani. Wafaransa waliokabiliana nao miaka ya 1890 waliandika kuhusu ushujaa wao. Kwao wenyewe walikuwa wake.

Mleta uzi uliomba mfano wa kiti kisichodaiwa. Nakutupia Rwanda. Baada ya 1994 wanawake walibaki wengi kuliko wanaume kwa mbali. 1999 sheria ikawapa mabinti haki ya kurithi sawa na kaka zao. Katiba ya 2003 ikaweka angalau asilimia 30 ya nafasi za maamuzi kwa wanawake, na uchaguzi wa 2008 ukawapa zaidi ya nusu ya bunge, wa kwanza duniani. Hicho kiti kimedaiwa?

#9

Hakijadaiwa bungeni, mkuu. Swali ni kile cha nyumbani, nani anaamka kupika mbunge akirudi kutoka kikaoni. Ila nakubali, sheria ya kurithi si kitu kidogo. Shamba ni shamba.

#10 – Mleta uzi

#8 nashukuru, mfano umesimama. Nikiutazama naona tofauti moja: pale kiti kiliandikwa kwenye sheria mapema, kabla mkeka haujatandikwa upya. Algeria walisubiri, wakaambiwa kwanza taifa, mambo yenu baadaye. Hiyo "baadaye" ilichukua miaka 22 na ilipofika ikaja na walii.

FRELIMO, chama cha ukombozi kule Msumbiji, nao walijaribu kusema mapema. Kikosi cha wanawake kilianza mafunzo Nachingwea mwaka 1967, na hata ndani ya chama walikuwepo wanaume waliokunja uso. Josina Machel aliyekuwa miongoni mwao alihangaikia hasa malezi ya watoto yatima wa vita, akafariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25. Siku hiyo ndiyo Siku ya Mwanamke wa Msumbiji mpaka leo. Ila angalieni kazi ya kikosi: silaha begani ndiyo, na kubeba mizigo, na kupika, na kulea. Yale ya nyumbani hayakupungua, yaliongezewa bunduki juu.

#11

Mbona hamgusi wanawake waliovimaliza vita? Mnaongea kupigana tu.

Liberia, 2003. Mama wa kawaida, Wakristo na Waislamu, fulana nyeupe, wanakaa juani kila siku kudai amani. Mazungumzo yanahamia Accra, wababe wa vita wanakaa hotelini wiki baada ya wiki. Julai, Leymah Gbowee na wenzake wakaenda wakakaa chini mlangoni mwa ukumbi, mikono imeshikana, hakuna mjumbe kutoka mpaka wakubaliane. Walinzi wakaja kumkamata. Akasimama, akaanza kuvua nguo. Ukumbi mzima ukatetemeka, maana mama mtu mzima kukuvulia nguo kwa hasira ni laana. Msuluhishi, Jenerali Abdulsalami Abubakar, mwenyewe akatoka kuwabembeleza. Mkataba ukasainiwa mwezi uliofuata.

Na si jambo geni kwetu Waafrika. Nairobi 1922, Harry Thuku, mpinzani wa ukoloni, amekamatwa, wanaume wameanza kutawanyika kituoni, Mary Muthoni Nyanjiru akainua nguo yake juu ya kichwa, akawaambia wachukue gauni wao, wampe suruali zao. Umati ukarudi mbele. Alipigwa risasi na kufa siku ile ile.

#12

#11 mifano mikali. Lakini tafakari: silaha yenyewe inafanya kazi kwa sababu ya mfumo ule ule. Mwili wa mama una laana kwa sababu umefungwa na mwiko. Wanampiga mfumo dume kwa fimbo yake mwenyewe. Sijui nicheke au nilie.

#13

Aliyefungwa mikono hupigana kwa meno, mkuu. Ungetaka watumie nini?

#14

Huwa sichangii, nasoma tu. Ila huu umenigusa.

Bibi yangu mzaa mama aliishi eneo lenye vita alipokuwa kijana. Sitataja wapi. Nikiwa mdogo nilikuwa namwona ana kovu refu begani, upande mmoja tu, ngozi imekuwa ngumu kama kisigino. Tukimuuliza anasema ni mizigo. Mizigo gani bibi? Mizigo tu.

Miaka mingi baadaye, vita vimeshakuwa historia, wakaja watu wa kuandikisha waliotumika ili majina yao yaingizwe kwenye daftari. Babu aliandikwa mara moja, alikuwa na hadithi tayari, anaijua na tarehe. Mjomba, ambaye ndiye aliyekuwa anasaidia kujaza fomu, akamgeukia bibi akamuuliza, na wewe mama, wewe ulifanya nini? Bibi alikuwa anachambua mboga. Hakuinua hata macho. "Mimi nilikuwa napika tu."

Babu akacheka. Si kwa dharau, alicheka kama mtu aliyekumbuka kitu. Akasema, mama yako alikuwa anapika upande wa pili wa mto. Sisi tulikuwa upande huu. Daraja lilikuwa limevunjwa. Chakula kilikuwa kinafika usiku, na chini ya chakula kuna risasi, na asubuhi anarudi na majeruhi. Mjomba kaacha kuandika. Akamuuliza, mara ngapi? Babu akamtazama bibi. Bibi akasema, nani ahesabu.

#15 – Mleta uzi

#14, mkuu, nimesoma mara mbili. Kwa hiyo mwishoni mjomba aliandika nini?

#16

Kwa babu aliandika cheo na kikosi. Kwa bibi, bibi mwenyewe alimwambia asiandike uongo. Mjomba akabaki na kalamu juu. Fomu ilikuwa na sehemu ya silaha uliyotumia. Akaandika sufuria.

Ilirudishwa wiki mbili baadaye, imezungushiwa duara jekundu.